Benchi la Kazi la Mbao kwa Gharama Ndogo: Mwongozo Kamili wa Kulijenga Karakanani au Bandani

Benchi la kazi hupimwa kwa jambo moja kabla ya mengine yote: ukilisukuma kwa nguvu kuelekea urefu wake, kama afanyavyo mtu anayepiga randa, linayumba au halitikisiki? Benchi linaloyumba hula nguvu za fundi na hupotosha msumeno. Kwa sababu hiyo fedha chache ulizo nazo zipelekwe kwanza kwenye miguu na viungo vyake, wala si kwenye uso wa juu. Wengi hufanya kinyume: hununua ubao mzuri wa mninga kwa ajili ya juu, wakaupigilia kwenye miguu minne ya mbili kwa mbili (yaani inchi 2 kwa inchi 2), na miezi michache baadaye misumari imelegea na benchi limeegemezwa ukutani ili lisimame.

Benchi linaloelezwa hapa lina urefu wa futi 6, upana wa karibu futi 2 na kimo cha sentimita 85 hivi, na linajengwa kwa mbao za kawaida za kupaulia. Halihitaji kuchonga ulimi na tundu, kwa kuwa kila mguu unatengenezwa kwa tabaka mbili za mbao, na nafasi zilizoachwa katika tabaka la ndani ndizo zinazopokea mihimili. Atakayeweza kukata ubao kwa pembe mraba na kutoboa tundu lililonyooka atalimaliza bila kumwita seremala.

Mbao za kununua

Kwa Tanzania, mbao ya bei nafuu inayopatikana karibu kila mji ni paini, ambayo nyingi hutoka Nyanda za Juu Kusini, hasa Mufindi lilipo shamba la miti la Sao Hill, na maeneo ya Njombe. Kwa Kenya nafasi hiyo hushikwa zaidi na saipresi. Zote mbili ni mbao laini, na ulaini huo si kasoro kwa benchi: kazi yako ikiangukia juu yake, ni afadhali benchi libonyee kuliko mlango wa mteja. Mkaratusi ni mzito na mgumu, na uzito ni jambo jema, lakini hupinda na kupasuka sana unapokauka, kwa hiyo uutumie tu ikiwa umekwisha kauka na ukaona jinsi ulivyotulia. Mninga, mkongo na mvule viachie samani za kuuza.

Unahitaji mbao nne za mbili kwa nne zenye urefu wa futi 12, mbao mbili za mbili kwa sita za urefu huohuo, na ubao mmoja wa moja kwa sita. Ukifika kwenye yadi usikubali kuchaguliwa. Inua kila ubao, uweke jicho kwenye ncha moja na kutazama hadi ncha ya pili kama anayelenga kwa bunduki. Ubao uliopinda kidogo kwa upande unaweza kunyooshwa na kiungo, lakini ule uliojisokota, yaani pembe zake nne hazilali pamoja sakafuni, uuache hapohapo, maana hakuna skrubu itakayoutuliza. Epuka pia kifundo kikubwa kilicho ukingoni, kwa kuwa hapo ndipo ubao hukatikia.

Mbao nyingi za paini huuzwa zikiwa mbichi. Ukigusa ukahisi ubaridi wa maji, au ukipigilia msumari maji yakatokeza, ujue hazijakauka. Zipange chini ya paa, zisiguse ardhi, na kati ya safu moja na nyingine uweke vijiti vya unene ulio sawa ili hewa ipite. Juu kabisa weka mawe zisijisokote. Kwa mbao za inchi 2, miezi miwili au mitatu ya kiangazi kwa kawaida hutosha. Njia ya uhakika ni kukata kipande kifupi kutoka katikati ya ubao na kukipima kwenye mizani kila wiki; kikiacha kupungua uzito, mbao ziko tayari. Anayelihitaji benchi wiki hii anaweza kulijenga kwa mbao mbichi, ila ajiandae kukaza boliti tena na tena na kuupiga randa upya uso wa juu baada ya msimu mmoja.

Zipo njia mbili za kupunguza gharama zaidi. Ya kwanza ni mbao zilizokwisha kutumika kufungia zege, ambazo hupatikana kwa bei ya kutupa jengo linapokamilika. Ni imara na mara nyingi zimekauka, lakini zing'oe misumari yote na uzikwangue saruji kwa patasi ya zamani kabla msumeno au randa haijazigusa, kwa maana punje moja ya zege huua makali ya randa kwa pigo moja. Ya pili ni mapaleti ya kubebea mizigo, ambayo yanafaa kwa rafu ya chini. Tazama mhuri wake: herufi HT maana yake yametiwa joto kuua wadudu, na hayo ni salama; yenye herufi MB yamefukizwa kwa gesi ya sumu, na hayo yaache.

Kuhusu mbao za kijani zilizotiwa dawa ya mchwa, zinafaa kwa miguu na mihimili, lakini si kwa uso wa juu ambako mikono yako itashinda. Dawa hiyo aghalabu huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Funika pua na mdomo unapozikata, na vipande vinavyobaki visiingie jikoni kuwa kuni hata kidogo.

Zaidi ya mbao, nunua boliti nane za milimita 12 zenye urefu wa inchi 6 pamoja na nati zake na washa mbili kwa kila boliti, skrubu ndefu za inchi 4 zipatazo sabini, skrubu fupi nane, misumari ya inchi 3, na gundi nyeupe ya mbao. Vifaa vya kazi ni msumeno, guni (kipimia pembe mraba), futi ya tepu, patasi, randa, nyundo, bisibisi, spana, pimamaji, na keekee ya mkono au drili ya umeme yenye biti ya milimita 12 na nyingine pana ya milimita 30 hivi.

Kimo kinachokufaa

Kabla ya kukata chochote, simama wima ukiwa umevaa viatu vya kazi, ulegeze mikono, kisha mtu akupime kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Kimo hicho ndicho kinachofaa kwa kazi mchanganyiko. Anayepiga randa muda mwingi apunguze sentimita 5, ili auegemee ubao kwa uzito wa mwili badala ya kuusukuma kwa mabega. Anayerekebisha injini ndogo, redio au baiskeli aongeze sentimita 5 hadi 10 ili asiiname kutwa. Vipimo vilivyo hapa chini vinatoa sentimita 85. Ukitaka kimo tofauti, badilisha urefu wa ubao wa nje wa mguu, kipande cha kati cha tabaka la ndani na alama ya boliti ya juu kwa kiasi kilekile, wala usiguse kingine.

Kukata

Nyoosha ncha ya kila ubao kwa guni kwanza, kwa sababu mara chache ncha za yadi huwa na pembe mraba. Kutoka ubao wa kwanza wa mbili kwa nne kata vipande viwili vya sentimita 145, kimoja cha 55 na kimoja cha 15. Ubao wa pili uukate vivyo hivyo. Ubao wa tatu utoe vipande vinne vya sentimita 80 na viwili vya 15. Wa nne utoe vipande vinne vya sentimita 45 na vitatu vya 55. Kwa mpango huu hakuna ubao unaobakiza zaidi ya sentimita 20 hivi, na hata hicho kinachobaki kitapata kazi. Mbao mbili za mbili kwa sita zikatwe katikati, zitoe vipande vinne vya uso wa juu.

Vile vya sentimita 80 ni mbao za nje za miguu, vya 15 na 45 ni tabaka la ndani, vya 55 ni mihimili mifupi inayokwenda mbele na nyuma, na vya 145 ni mihimili mirefu. Viandike kwa penseli mara tu unapovikata. Jambo la muhimu kuliko kipimo chenyewe ni vipande vya aina moja kulingana: kata cha kwanza kwa uangalifu, halafu ukitumie hichohicho kuchorea vingine, usipime kila kimoja kwa tepu.

Fremu mbili za pembeni

Sehemu zitakazopakwa gundi zipigwe randa mpaka zing'ae, kwa kuwa gundi haishiki kwenye mbao yenye manyoya ya msumeno. Laza mbao mbili za sentimita 80 sambamba kwenye sakafu iliyo sawa, zikiwa na nafasi kati yake hivi kwamba kutoka ukingo wa nje wa moja hadi ukingo wa nje wa nyingine ni sentimita 55 kamili. Gundisha kipande cha sentimita 15 upande wa chini wa kila mguu, kikiwa sawa na ncha. Mara baada yake, kuelekea ncha ya juu ya mguu, laza mhimili mfupi ukipita kutoka mguu mmoja hadi wa pili. Kisha weka vipande vya sentimita 45, vikiubana mhimili huo bila kuacha mwanya, na mwisho mhimili mfupi wa pili, ambao unapaswa kuwa sawa na ncha ya juu ya miguu.

Hapa ndipo mbao za yadi zinapoleta udhia, kwa maana mbili kwa nne ya leo inaweza kuwa na upana wa sentimita 10, na ya kesho 9 na nusu. Ndiyo maana mhimili wenyewe ndio unaotumika kupimia nafasi, si tepu. Iwapo mhimili wa juu umebaki chini ya ncha ya mguu au umeichomoza, kata ncha za miguu zilingane na mhimili.

Kabla ya kupigilia, chora mstari kwenye kila mguu mahali palipo sentimita 30 na sentimita 65 kutoka chini. Hapo ndipo zitakapopita boliti, na msumari ukiwa umekwisha kuingia hapo biti itaukuta ndani na kuharibika. Sasa pima mshazari wa fremu, kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, fremu ina pembe mraba. Visipolingana, isukume pembe iliyo mbali mpaka vilingane. Ndipo upigilie misumari minne mpaka mitano kwenye kila kipande cha 45, miwili kwenye kile cha 15, na skrubu nne kila mahali mhimili unapokutana na mguu. Toboa kwanza tundu jembamba kwa kila skrubu, maana paini kavu hupasuka kirahisi karibu na ncha. Skrubu ikitokeza upande wa pili, ikate kwa msumeno wa chuma.

Tengeneza fremu ya pili vilevile. Kwa kuwa mbele na nyuma yake ni sawa, hakuna ya kulia wala ya kushoto. Unaigeuza tu, tabaka za ndani zitazamane. Ziache zikauke usiku mzima.

Mihimili mirefu na boliti

Simamisha fremu mbili, msaidizi akizishika. Mihimili mirefu miwili ya chini inasimama kwa ukingo juu ya mihimili mifupi ya chini, ikiegemea miguu kwa upande wa ndani. Ile miwili ya juu inagusa mihimili mifupi ya juu kwa chini yake. Ncha zote ziwe sawa na uso wa nje wa fremu. Ishikilie kila ncha kwa skrubu moja katika tabaka la nje la mguu, kisha hakikisha kwa guni na pimamaji kwamba miguu imesimama wima.

Boliti ipite kwenye tabaka la ndani la mguu, sentimita saba na nusu kutoka ncha ya mhimili mrefu. Ikiwekwa karibu zaidi na ncha, mhimili utapasuka siku utakapokaza. Anza na biti pana ukiwa upande wa nje wa mguu, uchimbe shimo la kina cha sentimita moja na nusu ili kichwa cha boliti na washa vizame, kisha katikati ya shimo hilo endelea na biti ya milimita 12 hadi utokee upande wa pili. Mpangilio huo usiubadilishe: ukitanguliza tundu jembamba, biti pana haitakuwa na mahali pa kushika katikati. Vichwa vyote nane vizame, vya mbele ili visikwaruze kazi inayoegemezwa miguuni, vya nyuma kwa sababu hapo patapita mkingamo, yaani ubao wa kimshazari. Ingiza boliti, weka washa na nati upande wa ndani, ukaze mpaka washa ianze kubonyea mbao, basi.

Kwa nini boliti na si misumari mitupu? Mbao husinyaa. Msumari ukilegea umelegea, lakini boliti unaweza kuikaza tena kwa nusu dakika, na siku ya kuhama unaifungua, ukabeba fremu mbili na mihimili minne badala ya kulipasua benchi.

Mkingamo wa nyuma ndio unaomaliza kuyumba. Chukua ubao wa moja kwa sita na uulaze kimshazari nyuma ya benchi, kutoka chini ya mguu mmoja hadi juu ya mguu wa pili, uchore ncha zake zikiwa zimeegemea miguu, ukate, kisha ufunge kwa skrubu fupi nne kila upande. Unene wake wa inchi moja hautasumbua, kwa sababu uso wa juu utazidi kidogo upande wa nyuma. Lisukume benchi sasa, kabla hata halijapata uso wa juu, na utaona tofauti.

Uso wa juu

Mhimili mfupi wa tano, uliobaki peke yake, unasimama kwa ukingo juu ya mihimili mirefu ya juu, katikati ya benchi. Hapo utalingana na mihimili mifupi miwili ya fremu. Usipolingana, upunguze kwa randa au uuinulie kwa kipande chembamba. Bila huo mbao za juu zitadunda kila unapopiga nyundo, na nguvu za pigo zitapotea.

Panga mbao nne za mbili kwa sita. Tazama ncha zake: utaona duara za umri wa mti. Upande uliokuwa karibu na moyo wa mti uelekee juu. Ubao ukikauka zaidi utavimba katikati badala ya kuinua kingo zake, na uvimbe huo ni rahisi kuuondoa kwa randa. Mbao zikiwa bado na unyevunyevu zibanane kabisa, kwa kuwa zitasinyaa. Zikiwa kavu na msimu wa mvua uko mbele, acha mwanya wa milimita mbili kati ya moja na nyingine zipate pa kutanukia. Kwa wakazi wa pwani mwanya huo ni wa lazima. Ubao wa mbele uwe sawa kabisa na uso wa mbele wa miguu, ili mlango au ubao mrefu uweze kuegemezwa kwa pamoja kwenye meza na mguu.

Funga kila ubao kwa skrubu mbili katika kila mhimili, jumla ishirini na nne, vichwa vikizama sentimita moja nzima chini ya uso. Usidharau kina hicho: uso huu utapigwa randa mara nyingi katika maisha yake, na kichwa cha skrubu kilicho karibu kinangoja makali yako.

Kuusawazisha, piga randa kwanza kwa kukingama, kutoka mbele kwenda nyuma, mpaka vilima viishe, halafu kwa mshazari, na mwisho kufuata nyuzi za mbao. Weka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa meza, kisha uchuchumae na kutazama juu ya cha karibu kuelekea cha mbali. Vikionekana sambamba, uso haujajisokota. Usipake vanishi, kwa kuwa inateleza. Mafuta ya kitani yanatosha, mara moja au mbili, lakini matambara uliyopakia yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuweza kuwaka moto.

Mahali pa kusimama na pa kushikia kazi

Sakafu ya udongo ni ya kawaida mabandani, na mchwa ndiye adui. Kila mguu usimame juu ya jiwe bapa au kipande cha zege, na kati ya jiwe na mguu weka kipande cha bati kinachozidi mguu kwa sentimita chache kila upande. Bati halimuui mchwa, ila linamlazimisha kujenga njia yake ya udongo mahali unapoiona. Wengine hupaka oili chafu ya gari. Ikiwa ni lazima, iishie kwenye ncha ya chini ya mguu tu, kwa sababu si kitu cha kugusa kila siku. Benchi liwekwe kwenye mwanga, dirisha likiwa mbele yako au upande wa mkono usioshika msumeno.

Weka mbao au vipande vya paleti juu ya mihimili mirefu ya chini upate rafu, na juu ya rafu uweke tofali za saruji tatu au nne, au mfuko wa mchanga. Uzito huu hauna gharama, nao hulifanya benchi la paini litulie kama la mti mgumu.

Jiriwa ya chuma, yaani kifaa cha kubania kazi, ni nzuri, na ikipatikana ifungwe kwa boliti juu ya mguu wa mbele wa kushoto, wala si katikati ambako meza hudunda. Kabla ya kuipata, toboa matundu mawili ya inchi moja upande wa kushoto wa meza na uchonge vijiti vigumu vya mkaratusi au mpera vinavyoingia kwa kubana. Ubao unaopigwa randa utaviegemea na kusimama. Kwa kubana kutoka pembeni, funga vipande viwili vya mbao juu ya meza, weka kazi kati yake, kisha gongomea kabari mbili zinazoelekeana. Kabari hizo zitoke kwenye mabaki ya mbili kwa nne, na zikatwe kwa mteremko mdogo, sentimita moja kwa kila sentimita nane za urefu, zisije zikaruka unapopiga randa.

Kaza nati zote baada ya mwezi wa kwanza, kisha kila mwanzo wa kiangazi. Mwanya ukianza kuonekana kati ya mhimili mrefu na mguu, kaza siku hiyohiyo, kabla mtikisiko haujapanua matundu ya boliti.